Saruji Imechoka

Lilianza kucheza Jumanne, msimu ukiwa umechanganya,
ghala la chama limejaa mpaka mlangoni,
na mimi, kama kawaida yangu, nikakata uzi wa gunia kwa meno.
Mkasi ulikuwepo. Ulikuwa mezani, hatua nne.
Nikasikia tik, kitu kidogo,
kama mtu aliyefungua kitasa chumba cha pili.

Jino la juu, jirani wa chonge, upande wa kulia.
Tena si jino. Ni kofia ya jino,
niliyovalishwa Ndanda mwaka ule wa bei nzuri
kwa pesa ambazo Mkalinga alikuwa ameshaziezekea bati
kichwani mwake.

Tangu siku hiyo ulimi hauna kazi nyingine.
Unakwenda, unasukuma, unarudi,
kama mdai anayepita mlangoni akijifanya anauliza njia.
Nauambia tulia. Unatulia hesabu ya gunia moja.

Na kazi yangu ni kusoma mizani kwa sauti.
Newala nzima inakusikiliza unaposoma mizani:
mtu aliyepalilia mikorosho kwa mgongo unaouma
hataki karani anayemung'unya.
Sabini na sita, nasema, na ile sa inatoka na filimbi.
Sitini na saba: filimbi mbili.
"Rudia, mama," akasema Mzee Nampota,
"hiyo ilikuwa kilo au ndege?"
Foleni nzima ikacheka. Nami nikacheka,
kiganja mdomoni, kama bibi harusi.

Ushauri ulikuja bila kualikwa.
Somoe wa chai: bandika kwa bazoka iliyotafunwa.
Chilumba, fundi wa pampu, akaja na gundi ya chuma:
"Tone moja tu. Hii ukishika nayo mlango, umeolewa na mlango."
Nikamshukuru, nikairudisha mfukoni mwake mwenyewe.
Na yupo aliyenong'ona, jino la pembe si dawa ya pengo.
Namjua. Ana meno yote thelathini na mawili
na hana hata moja analolitumia kutabasamu.

Siku tatu nilitafuna kushoto.
Ugali wa muhogo, sawa. Ming'oko niliitazama tu,
nikawasogezea watoto.
Usiku nililala nimeegemea ukuta,
naogopa kumeza laki mbili unusu ndotoni.

Ijumaa ikatoka yenyewe, kwenye chai, bila ugomvi.
Nikaiosha kwa maji ya kopo (na maji ya Newala yana bei yake),
nikaitia kwenye kiberiti, kiberiti kwenye pindo la kanga.
Ndani ilikuwa tupu, ya kijivu, kikombe cha mdoli.
Na pale ilipotoka, kisiki:
chembamba, kimechongwa, kina ncha.
Nikainamia kioo cha pikipiki ya Mkalinga, nikafunua mdomo.
Nikamwona bibi.

Bibi mzaa mama alichongwa meno akiwa msichana,
patasi na nyundo, mchana kweupe,
kichwa kimebanwa mapajani mwa shangazi yake.
Alinionyesha mara moja tu, ncha kwa ncha, akasema aliringa nayo.
Sikumuuliza kama aliumia.
Kaburi lake limekwisha kuota nyasi
na mimi ndiyo kwanza nina swali.

Daktari Nanyanje aliipokea kwa koleo,
akaigeuza kwenye taa
kama mnunuzi anayetafuta doa kwenye korosho.
"Kofia nzima hii. Saruji ndiyo imechoka."
Nami nilikuwa nimejiandaa kugombezwa juu ya uzi!
Akakwangua, akakausha kwa upepo ulionifika sikioni,
akapaka, akabana.
"Uma pamba. Dakika kumi. Usiseme neno."

Dakika kumi bila namba.
Ukutani nzi alitembea toka pembe hii mpaka ile
na hakuna aliyempima.

Jumatatu, gunia la kwanza: sabini na sita.
Sa ikatoka kavu.
Mzee Nampota akanitazama kama mtu aliyepunjwa.
Nikashona, nikafunga fundo, uzi ukapanda wenyewe mpaka mdomoni.
Mkasi ulikuwa mezani, hatua nne.
Nikazitembea, zote nne,
nikinung'unika.